Tupime Jiwe Kabla ya Kununua Mashine

Hayako mengi maradhi yanayoweza kumwangusha mtu mzima mwenye nguvu zake, akagaagaa sakafuni mithili ya mtoto, kama mawe ya njia ya mkojo. Maumivu huanza ubavuni, yakashuka kinenani, yakaja na kichefuchefu na jasho, yakatulia kidogo, kisha yakarejea kwa ukali zaidi. Mpagazi huutua mzigo wake, mvuvi huiacha ngalawa yake pwani, na karani huiacha kazi yake mezani. Kwa kuwa maradhi haya yamo miongoni mwa watu wetu wa Unguja na Pemba, suali la namna ya kuyatibu kwa upasuaji haliwezi kuachwa kwa madaktari peke yao. Ni suali la bajeti, la usafiri na la mafunzo. Na kwa baadhi ya wagonjwa ni suali la uhai.

Kila panapozungumzwa matibabu haya, suali la mwanzo linaloulizwa ni moja: tununue mashine gani? Sisi tunaona kwamba kuuliza hivyo ni kuanza hesabu kwa jawabu. Suali la mwanzo ni jiwe lina ukubwa gani, la pili ni limekaa wapi, na la tatu, ambalo vitabu vilivyoandikwa katika miji mikubwa ya Ulaya havilitaji sana, ni mgonjwa mwenyewe anakaa wapi. Wahenga wamesema mgonjwa haulizwi uji. Lakini mgonjwa wa mawe anayetoka Kojani, Fundo au Tumbatu hana budi aulizwe njia atakayorejea nayo, na ataweza kurejea mara ngapi.

Kwanza tuwatoe hofu wasomaji wetu. Si kila jiwe linahitaji kisu. Jiwe dogo lisilozidi ukubwa wa punje ya choroko, yaani milimita 4 au 5, aghalabu hutoka lenyewe pamoja na mkojo katika muda wa wiki chache, iwapo mgonjwa atapewa dawa ya maumivu, hana homa, na figo zake zinafanya kazi. Ziko dawa za kuzima maumivu hayo ambazo hazina ughali wa kutisha. Upasuaji huja pale jiwe linapokuwa kubwa, linapokwama, linapoziba mkojo, linapoleta uchafu wa mara kwa mara katika mkojo, au maumivu yanapokataa kutulia.

Zikifika hali hizo, njia zilizopo ni nne.

Njia ya kwanza ndiyo kongwe, nayo ni kupasua wazi. Waganga wa Kiyunani wa kale waliiogopa hata kiapo chao kikawakataza kukata mawe, wakiamrishwa kuwaachia kazi hiyo walioizoea. Katika zama zetu, baada ya kupatikana nusukaputi na dawa za kuua vijidudu, upasuaji huu uliokoa watu wengi. Mpasuaji hufungua ubavu, akaifikia figo au mrija wake, akalitoa jiwe kwa mkono. Ubora wake ni kwamba hauhitaji mashine ya ajabu. Ubaya wake ni jeraha kubwa, maumivu ya siku nyingi, na wiki kadhaa za kukaa bila ya kazi. Zaidi ya hayo, jiwe likirudi, na mawe ya figo yana tabia ya kurudi, kupasua pahala palepale mara ya pili ni kazi ngumu zaidi kuliko mara ya kwanza.

Njia ya pili ni kutoboa mgongoni. Mwaka 1976 madaktari wa Sweden, Fernström na Johansson, walieleza namna walivyoyatoa mawe ya figo kupitia tundu jembamba lililotobolewa ubavuni. Daktari huongozwa na picha ya eksirei au altrasaundi, akaingiza sindano mpaka ndani ya figo, akaipanua njia hiyo hata ikatosha kupitisha darubini, yenye upana wa kidole au chini yake, kisha akalivunja jiwe na kuvitoa vipande hapohapo. Kwa jiwe kubwa hii ndiyo njia inayoongoza. Lakini figo ni kiungo chenye damu nyingi. Wako wagonjwa wanaovuja damu hadi kuhitaji kuongezewa, na wako wanaopata homa kali baada yake. Kwa hiyo haifanywi pasipo na damu ya akiba, wala na mkono usioizoea.

Njia ya tatu ni kuvunja jiwe kwa mawimbi bila ya kukata ngozi. Mgonjwa wa mwanzo alitibiwa hivyo mjini Munich, Ujerumani, mwezi wa Februari 1980, na Daktari Chaussy na wenzake, kwa mashine iliyotengenezwa na kampuni ya ndege ya Dornier. Siku zile mgonjwa alitumbukizwa katika birika la maji. Mashine za sasa hazihitaji birika. Mawimbi hupigwa kutoka nje ya mwili, yakakutana kwenye jiwe na kulipasua, na mgonjwa huweza kurudi kwao siku ileile. Hapana jeraha, na mara nyingi hapana nusukaputi kamili. Lakini mawimbi huvunja tu. Kazi ya kuvitoa vipande huachiwa mkojo wenyewe. Jiwe gumu sana hulikaidi wimbi, na jiwe lililokaa katika pembe ya chini ya figo huacha vipande visivyopata njia ya kupandia. Aidha njia hii haifai kwa mja mzito, wala kwa mtu mwenye maradhi ya damu isiyoganda, wala kwa mwenye uchafu wa mkojo usiotibiwa.

Njia ya nne ni kupita katika njia ya mkojo yenyewe. Darubini nyembamba huingizwa kupitia tupu ya mgonjwa, ikapita kibofuni, ikapanda katika mrija wa figo mpaka lilipo jiwe. Njia hii ilienea katika miaka ya 1980, na ilipopata mwanga wa leza katika miaka ya 1990 ikawa na uwezo wa kulivunja jiwe la aina yoyote. Hapana ngozi inayokatwa. Daktari huliona jiwe kwa macho yake, akalivunja na kuvitoa vipande. Inahitaji nusukaputi, inaweza kuujeruhi mrija iwapo mkono si mwepesi, na mara kwa mara huachwa kimrija laini ndani ya mwili ili mkojo upite, ambacho lazima kije kutolewa baadaye.

Katika njia hizi nne, ipi ni bora? Jawabu la haki ni kwamba hapana iliyo bora kwa kila jiwe.  Mwongozo wa matibabu uliotolewa Uingereza mwaka 2019 ndio unaopanga mambo kwa kipimo. Kwa mtu mzima mwenye jiwe la figo lisilofika milimita 10, mawimbi hutangulizwa. Likiwa baina ya milimita 10 na 20, huchaguliwa mawimbi au darubini. Likizidi milimita 20, yaani ukubwa wa kokwa ya tende au zaidi, hutobolewa mgongoni. Kwa jiwe lililokwama katika mrija, mawimbi hutangulizwa likiwa chini ya milimita 10, na darubini likizidi hapo. Kupasua wazi kumebaki kwa wagonjwa wachache ambao njia nyingine zimewashinda.

Msomaji makini atatuuliza: ikiwa Waingereza wenyewe wameyatanguliza mawimbi kwa mawe madogo, kwa nini sisi tusiianze safari yetu kwa kununua mashine hiyo? Suali hili ni la haki, na jawabu lake limo katika hesabu zao wenyewe. Baina ya 2013 na 2017, hospitali 25 za Uingereza ziliwagawa kwa bahati nasibu wagonjwa zaidi ya 600 wenye mawe ya mrija, nusu watanguliziwe mawimbi na nusu darubini. Katika muda wa miezi 6, wagonjwa 22 katika kila 100 wa mawimbi walihitaji kutibiwa kwa njia nyingine, ilhali wa darubini walikuwa 10 katika kila 100. Pamoja na hayo mawimbi yalikuwa na gharama nafuu zaidi kwa huduma yao ya afya, na kwa ajili hiyo wakayaona yanafaa.

Kwao hesabu hiyo ni sahihi. Mgonjwa anayeambiwa arudi hupanda basi au treni, akarudi. Kwetu sisi hesabu ina safu moja zaidi, nayo haiandikwi katika vitabu vya hospitali. Mgonjwa wa Micheweni anayeambiwa arudi Unguja baada ya wiki mbili hulipa nauli ya gari na ya boti, yeye na anayemsindikiza. Hutafuta jamaa wa kulala kwake, huacha kazi, na akirudi na vipande vilivyokwama huianza safari upya. Gharama iliyookolewa na hospitali imehamia katika mfuko wa mgonjwa, haikuondoka duniani. Kwa mtu wa visiwani, tiba inayomaliza kazi kwa safari moja ina thamani kubwa kuliko bei iliyoandikwa kwenye karatasi.

Iko sababu ya pili. Vipande vya jiwe lililovunjwa kwa mawimbi huweza kujipanga foleni ndani ya mrija na kuuziba. Likitokea hilo, atakayemsaidia mgonjwa ni mwenye darubini. Basi hospitali iliyonunua mashine ya mawimbi bila ya darubini ni mithili ya mtu aliyenunua mlango wa nakshi akasahau bawaba. Darubini bila ya mawimbi huweza kufanya kazi. Mawimbi bila ya darubini ni hatari.

Sababu ya tatu ni ya kwetu hasa. Visiwa vyetu vimepambana na kichocho kwa miaka mingi, na maradhi hayo yakikaa mwilini muda mrefu huacha makovu katika kibofu na katika mrija wa figo. Mrija uliobanwa na kovu hauwezi kupitisha vipande hata vikivunjwa vizuri namna gani. Daktari anayepita kwa darubini huliona kovu, akajua hatua ya kuchukua. Anayepiga mawimbi kutoka nje huenda asilijue mpaka mambo yameharibika.

Na ya nne ni matumizi. Mashine ya mawimbi kazi yake ni mawe tu. Altrasaundi inayoonyesha figo iliyovimba ndiyo inayomwangalia mja mzito. Eksirei ya chumba cha upasuaji inayomwongoza mtoboaji wa figo ndiyo inayomsaidia muunga mifupa. Nchi yenye watu 1,889,773 kwa sensa ya 2022 haina budi kuvipenda vifaa vinavyofanya kazi ya wengi.

Hata hivyo hatutaki kuisifu darubini kupita kiasi. Ile inayopinda, inayofika mpaka ndani ya figo, ni kifaa chepesi kuvunjika. Ikioshwa kwa pupa huharibika, na fundi wake yuko mbali. Ndiyo maana tunasema tuanze na ile ngumu, inayotumika kwa mawe ya mrija, pamoja na kifaa cha kuvunjia kinachopigwa kwa nguvu ya hewa, ambacho ni imara na hakihitaji utunzaji wa leza. Leza na darubini ya kupinda zije baada ya watu kuzoea na bohari kuwa na vipuri.

Kutoboa mgongoni nako kusitawanywe. Kazi inayotaka mkono uliozoea haipati mazoea ikigawiwa hospitali nyingi, kila moja ikafanya wagonjwa wawili au watatu kwa mwaka. Kituo kimoja visiwani kinatosha, chenye damu ya akiba na daktari aliyehitimu. Na mpaka kitakapokamilika, mgonjwa wa jiwe kubwa apelekwe ng'ambo kwa utaratibu unaojulikana, badala ya kila jamaa kuchangisha na kubahatisha. Wala kupasua wazi kusidharauliwe. Wapasuaji wetu wasiache kufundishwa, kwa kuwa siku umeme utakapokatika na darubini kuvunjika, ndio utakaokuwa wokovu.

Tumeliweka mwisho katika hoja zetu jambo ambalo katika utekelezaji linapaswa kuwa la kwanza. Jiwe likiziba mrija, na mkojo ulioziba ukaingia vijidudu, figo huwa mfano wa jipu. Mgonjwa hupata homa na kutetemeka, na vijidudu vikiingia katika damu huweza kufa kwa muda wa saa au siku chache. Hapo hapana daktari mwenye hekima anayeanza kulivunja jiwe. Kazi ya kwanza ni kuutoa mkojo uliooza, ama kwa kimrija kinachopitishwa kutoka kibofuni, ama kwa sindano na mpira unaoingizwa figoni kupitia mgongoni, pamoja na dawa za kuua vijidudu. Jiwe lenyewe hungoja mpaka homa iishe.

Kazi hii haihitaji mashine ya mamilioni. Inahitaji altrasaundi, sindano maalumu, mpira, na daktari au ofisa wa tiba aliyefundishwa. Na ndiyo kazi isiyoweza kungoja boti. Mkondo wa Pemba ni mpana, na katika miezi ya kusi bahari yake haina huruma. Mgonjwa anayetetemeka Wete au Mkoani hawezi kuambiwa asubiri chombo cha asubuhi. Tunasema bila ya kusitasita: kila hospitali ya visiwani yenye chumba cha upasuaji iwe na uwezo wa kuitoa figo mkojo wake kabla hospitali yoyote haijanunuliwa mashine ya kuvunjia jiwe.

Liko na jambo dogo lenye madhara makubwa. Tumekwisha kutaja kimrija laini kinachoachwa ndani ya mwili. Kimrija hicho si cha kukaa milele. Aghalabu hutakiwa kitolewe ndani ya wiki chache, na kisizidi miezi michache. Mgonjwa aliyetibiwa ng'ambo akarudi kisiwani, maumivu yakamwisha, huweza kusahau kwamba anacho. Mwaka ukipita, kimrija huota mawe juu yake, na upasuaji wa kukitoa huwa mkubwa kuliko ule wa jiwe la mwanzo. Dawa ya hili ni daftari. Kila mgonjwa anayerudi na kimrija aandikwe katika hospitali ya wilaya yake, pamoja na tarehe ya kukitoa, na tarehe ikifika aitwe, ikibidi kwa kupitia kwa sheha wake. Daftari hilo halizidi bei ya kilo chache za sukari.

Kwa wahusika wa Wizara ya Afya na wa fedha tunatoa rai hii. Utaratibu wa ununuzi ufuate utaratibu wa hatari: kwanza uwezo wa kuitoa figo mkojo, Unguja na Pemba, pili vipimo vya kulijua jiwe ukubwa wake na pahala lilipo, tatu darubini ya mrija na watu wa kuitumia, nne kituo kimoja cha kutoboa mgongoni. Mashine ya mawimbi ije baadaye, iwapo hesabu ya wagonjwa itathibitisha kwamba inahitajika. Na kila mkataba uandike nani atakitengeneza kifaa kikiharibika, kwa muda gani, na kwa bei ya nani.

Watu ndio msingi wa yote. Tangu 1964 madaktari wa Kichina wamekuwa wakija visiwani kwa zamu kuwahudumia wananchi, na wema wao hausahauliki. Lakini nguo ya kuazima haistiri maungo. Daktari mgeni akimaliza zamu yake huondoka na mikono yake. Kijana wetu akipelekwa kusomea upasuaji wa mkojo, aandamane na muuguzi wa chumba cha upasuaji na fundi wa vifaa, kwa sababu darubini huvunjika zaidi katika kuoshwa na kuhifadhiwa kuliko mikononi mwa daktari.

Kwa ndugu zetu wananchi tuna maneno machache. Kunyweni maji ya kutosha, hata mkojo uwe mweupe. Anayefanya kazi juani anahitaji zaidi. Msiamini kila anayeuza dawa ya kuyeyusha mawe: iko aina moja tu inayoyeyuka vyema kwa dawa ya hospitali, ile ya asidi ya yuriki, na mawe mengi si ya aina hiyo. Mwenye maumivu ya ubavu akipata homa na kutetemeka, au mkojo ukikatika kabisa, asingoje asubuhi. Na anayeambiwa afanyiwe upasuaji ana haki ya kuuliza: jiwe langu ni milimita ngapi, limekaa wapi, nitarudi mara ngapi, na nimewekewa kimrija au sikuwekewa?

Masuali hayo manne akiyauliza mgonjwa, yatampa tiba inayomfaa. Wakiyauliza wakubwa kabla ya kutia saini, yatawapa wananchi hospitali zinazofanya kazi badala ya mashine zilizofunikwa shuka. Bajeti ni moja, na mgonjwa wa Pemba anaihesabu pamoja nasi.